Kijiji Alichomjengea Baba Yake

Mchezo wa zamu una adabu moja: unasubiri. Usipobonyeza, hakuna kinachosogea. Meli inakaa palepale baharini, mkulima anakaa na jembe lake begani, na mwaka haugeuki hata kama wewe umekwenda kula, kulala au kuzika mtu. Ndiyo maana Aristote aliupenda. Alikuwa na duka la fotokopi pale mtaani Ruashi, na kazi ile haikupi dakika kumi za mfululizo. Mteja anaingia, unaacha mchezo, unamchapia barua yake, anatoka, unarudi na kukuta dunia yako imekungoja.

Jumanne moja, saa nane mchana, aliuacha mchezo kwenye mwaka 1563 akaenda kumtolea mama mmoja nakala ya cheti cha ubatizo. Ukurasa mmoja tu. Aliporudi kwenye kiti chake, pembeni mwa skrini paliandikwa 1566.

Alijiambia labda kiwiko chake kiligusa. Mtu mzima na akili zake, kiwiko kiguse kitufe kilekile mara tatu akiwa upande wa pili wa duka. Lakini ndivyo tulivyo, jambo likitutisha tunatafuta uongo mdogo wa kujifunika nao. Akakaa, akaendelea kucheza.

Mchezo wenyewe ni wa zamani, ila siku hizi unafunguliwa ndani ya navigateur ya intaneti bila kuweka chochote kwenye mashine. Unaanza na meli moja na watu wawili, na ramani yote ni nyeusi. Unatua pwani, unajenga koloni, unalima, unachimba madini, unapeleka mali ng'ambo kwa mfalme. Wenyeji unawakuta. Vijiji vyao vimechorwa vidogo, vibanda vitatu na moshi. Unaweza kubadilishana nao ngozi na nguo. Unaweza pia kuwachoma moto, na mchezo haukugombezi, unakuongezea alama tu na kukuachia nafasi yao.

Aristote alikuta kijiji kando ya mto, mlima wa madini ukiwa nyuma yake. Akakichoma, akajenga palepale. Mchezo ulipomuuliza koloni liitweje, aliandika NKANDU.

Lazima niseme huyo Nkandu ni nani, maana hasira yote iliyomo humu ni yake. Constantin Nkandu alikuwa baba yake Aristote, mtu wa ukoo uliokuwapo kabla shimo la kwanza la madini halijachimbwa. Alikuwa na shamba la mihogo huko Kamutanda, kijiji kidogo upande wa njia ya Kambove, na makaburi ya wazazi wake yalikuwa mwisho wa shamba hilo. Kampuni ikaja. Jina lake sitalitaja, nisije nikapoteza mate. Siku ya Jumamosi makatapila yaliingia, yakang'oa mihogo, yakasawazisha makaburi, na jioni hapakuwa na mtu ambaye angeweza kuonyesha kwa kidole mama yake amelala wapi.

Tangu siku hiyo, kwa miaka tisa, kila Alhamisi mzee alikuja dukani kwa mwanawe, akakaa kwenye benchi nyuma ya kiti chake, akasafisha koo mara mbili, akaanza kumsomea barua ya kuchapa. Barua kwa wakubwa. Zote zilianza kwa Kifaransa cha heshima, ninayo heshima ya kuja mbele ya mamlaka yenu kuu, na zote zilikwisha kwa makaburi. Aristote alichapa, mzee akatia sahihi, akazibeba mwenyewe kwa miguu hadi maofisini. Hakuna hata mmoja aliyemjibu. Alikufa msimu wa mvua uliopita, macho wazi, na hasira yake nzima mwilini. Neno lake la mwisho lilikuwa hili: "Jina yangu isilale inje. Mutoto wa Aristote ataibeba."

Kwao jina la marehemu si la kumkumbukia tu. Ni nyumba. Marehemu huingia humo, akamlinda anayelibeba, na nyumba hiyo huwa na mlango mmoja. Aristote alilijua hilo tangu utotoni. Lakini siku ile alikuwa amemkumbuka baba yake, mkewe alikuwa bado na mimba ya miezi minane, na ile ardhi ya kando ya mto ilikuwa nzuri. Akasema moyoni, haya Baba, hapa hakuna katapila. Akaandika. Watu wanaoshinda mbele ya skrini hudhani kilichomo ndani yake si kitu.

Jumatano alikuta wakaaji wote wa koloni wamesimama nje ya boma, kwenye nyasi, isipokuwa mmoja. Hakuwatoa yeye. Akawarudisha ndani mmoja mmoja. Ndipo harufu ikaja. Nyasi za paa zilizoungua, pamoja na kitu cha ndani ya nyumba, mkeka au godoro. Alitoka barabarani akatazama huku na huku. Nje palinuka vumbi na mandazi. Alipoingia tena, duka lilinuka moto.

Mteja alikuwa akisubiri picha za pasi. Aliziba pua kwa kitambaa, akachukua picha zake, akaenda.

Alhamisi ilikuwa mbaya zaidi. Katika mchezo ule, mkuu wa wenyeji huja mara kwa mara kulalamika, na kisanduku kidogo hufunguka chenye sentensi moja, kwamba mmeingia katika nchi yetu. Safari hii kisanduku kilijaa maneno toka juu hadi chini. Aristote alianza kusoma, na kabla hajamaliza mstari wa kwanza vidole vyake vilikuwa vinasogea vyenyewe, maana vilikuwa vimeshayachapa maneno hayo mara mia nne: ninayo heshima ya kuja mbele ya mamlaka yenu kuu, mimi mwenye shamba, kuwaeleza kwamba mmejenga juu ya watu wangu. Na kwenye benchi, nyuma yake, mtu akasafisha koo mara mbili.

Hakugeuka. Alizima mashine kwa kuchomoa waya ukutani, akafunga duka saa tisa mchana, jua likiwaka, watu wakimwuliza kulikoni.

Nyumbani kulikuwa na jambo kubwa kuliko hilo. Mkewe Régine alikuwa amejifungua siku nane zilizopita, mtoto wa kiume, na mtoto hakutaka kunyonya. Maziwa yalikuwapo, yakilowesha nguo za mama. Walimpa kwa kijiko, yakatoka pembeni mwa mdomo. Katika kituo cha afya muuguzi alimpima mara mbili, hakuona ugonjwa, akawaandikia karatasi ya kwenda hospitali kubwa kesho yake. Kitovu nacho kilikataa kuanguka, na kwao mtoto hapewi jina kabla kitovu hakijaanguka. Alikuwa amekonda hadi ngozi ya mapaja ikakunjamana.

Asubuhi ya Ijumaa, kabla hawajatoka kwenda hospitali, alifika shangazi yake Aristote kutoka Kambove, dada wa marehemu, mama Adolphine, mwanamke mfupi mwenye rozari shingoni na bonge la pemba, ule udongo mweupe, katika mfuko wa nguo. Hakukaa. Alimpaka mtoto pemba kwenye paji la uso, akamweka kifuani mwa mamaye, akamwinamia sikioni.

"Nkandu," akanong'ona. "Nkandu, nyonya."

Mtoto akageuza uso ukutani. Akamwita mara ya pili. Mara ya tatu mtoto alikaza midomo kama mtu mzima aliyekataa kuzungumza.

Shangazi akanyanyuka polepole. "Ile jina haiko hapa. Iko na mwenyewe. Aristote, ulipatia nani jina ya ndugu yangu?"

"Tantine, sikupatia muntu."

"Muntu mumoja anaibeba. Mutoto anasikia nafasi yake imejaa."

Régine alimfunika mtoto, akamtazama mumewe, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya chini mno.

"Iko wapi ule mutoto?"

"Mutoto gani?"

"Mutoto wako wa inje. Ule ulipatia jina ya baba yako mbele ya huyu wangu. Mama yake ni nani? Iko mu Ruashi hii hii, ao ulimuficha kule Luano?"

"Régine, mi sina na mutoto wa inje."

"Mutoto wangu anakufa, na weye unanidanganya. Nitaenda mulango kwa mulango, Aristote. Nitaita ile jina mu kila lupango mpaka mutoto mumoja aitike, na mama yake nitamuvua nguo mu barabara."

Angeenda kweli. Ndugu, mwanamke ambaye mtoto wake anakauka mikononi mwake haogopi aibu. Aristote naye hasira zilimpanda, kwa sababu safari hii, kwa bahati mbaya, alikuwa hana kosa hilo analoshtakiwa. Alichukua kikombe cha chai mezani akakivurumisha ukutani. Hakuna aliyeshtuka. Akainama kuokota vipande, na akiwa amechuchumaa hapo chini, kipande mkononi, ndipo kichwa chake kizito kilipomletea jambo alilopaswa kuliona tangu Jumanne.

"Tantine," akasema bila kuinua uso. "Kuko nafasi moja nilitia ile jina. Lakini si muntu."

Walikwenda dukani wote watatu na mtoto, kwa miguu, mchana ule, wingu la mvua likiwa limekaa juu ya mtaa. Aristote alifungua mlango nusu. Moshi haukuonekana, ila harufu yake iliwapokea, na Régine akamfunika mtoto uso kwa kitenge.

Aliwasha mashine. Mchezo ulikuwa mwaka 1609. Mashamba ya koloni yalikuwa yameota magugu. Shangazi Adolphine hakujua ordinateur, ile kompyuta, wala hakutaka kujua. Alivuta benchi karibu, akaikagua ile picha ya mto na mlima kama anavyokagua kiwanja, akauliza maswali ambayo mtu wa kwao huuliza kuhusu kiwanja chochote.

"Hapa, mbele ya kujenga, ulikuta bantu banani?"

"Tantine, ni jeu tu, muchezo."

"Nakuuliza, ulikuta banani?"

"Nilikuta kijiji."

"Uliomba benye bulongo, benye inchi? Ulibatilia hata unga mweupe pa chini?"

"Mu jeu habaombake ruhusa."

"Sasa ulifanya nini?"

Aristote alitazama vidole vyake. "Niliunguza."

Shangazi alipitisha punje za rozari kidoleni, moja moja. Alipozungumza alikuwa na hasira.

"Ndugu yangu balimufukuza pa bulongo yake. Akalia miaka tisa, weye ukiandika. Halafu weye, mutoto wake, ukamukamata, ukamukalisha juu ya majivu ya bengine. Ukaandika jina yake pale pa mulango. Ukamufanya yeye mwenyewe katapila. Na unashangaa ya kama anakasirika."

Aristote alishika kipanya cha mashine, akapeleka mshale kwenye mahali pa kufuta. "Nitafuta yote. Itaisha."

Mkono wa mwanamke yule mfupi ulimkamata kifundo, na kucha zikaingia nyamani. "Ukifuta, umemufukuza mara ya pili. Na hii mara ni weye. Hatarudia ku muntu hata mumoja, na huyu mutoto tutamuzika mbele ya misa ya Siku ya Mungu. Toa bantu, mumoja mumoja, batembee. Ndugu yangu atatoka na miguu yake, ao hatatoka."

Basi Aristote akaanza kuwatoa. Mkulima wa kwanza akavuka boma, akasimama nyasini; Aristote akabonyeza Fin de tour, mwisho wa zamu, mwaka ukageuka, na nyuma yao, kwenye pembe ya duka ambako hapakuwa na benchi tena, koo likasafishwa mara mbili. Régine alisikia. Alimbana mtoto kifuani na kuing'ata midomo yake mwenyewe. Mkulima wa pili akatoka, kisha seremala, kisha padri, na kila zamu harufu ikazidi kuwa nzito, kwanza nyasi, halafu nguo, halafu nywele, na kila zamu koo likasikika karibu zaidi, kwanza pembeni, halafu kwenye meza ya kukatia karatasi, halafu nyuma ya kisogo cha Aristote, ambapo jasho lilikuwa likimshuka hadi kiunoni na pumzi ya mtu asiyemwona ikilipuliza hilo jasho likawa baridi, naye hakuthubutu kugeuka wala kusimamisha mkono, kwa sababu mtoto alikuwa ameanza kutoa sauti nyembamba ya kukauka, isiyo kilio, na shangazi alikuwa akisema chini kwa chini, endelea, endelea, mupumbavu weye, endelea, hadi alipobaki mtu mmoja tu ndani ya boma. Huyo hakutoka. Aristote alimbonyeza, akambonyeza tena. Hakusogea.

"Anakataa," Aristote akanong'ona.

"Anakataa juu unamutuma. Ule ni baba yako, muombe na mudomo."

Aristote alifungua kinywa aombe, na kilichotoka hakikuwa ombi. Ilikuwa hasira ya miaka tisa ambayo hakujua kama anayo.

"Nikuombe nini, Baba? Kila Alhamisi uliikala hapa. Ujana yangu yote iliishia mu barua zako. Sikukataa hata siku moja. Nilitaka kukupa nafasi, moja tu, ya kuikala bila muntu kukusumbua, na hata ile umekasirika. Unamuua mutoto wangu juu ya jeu. Ulitaka nini?"

Kisanduku kikafunguka katikati ya skrini. Kilikuwa na maneno mawili ya Kifaransa, na Régine, aliyesimama nyuma, ndiye aliyeyasoma kwa sauti.

"Na bale?" akasema. "Anauliza, na bale?"

Hakuna aliyehitaji kueleza wale ni akina nani. Aristote aliitazama ile ardhi nzuri ya kando ya mto. Vibanda vitatu na moshi. Alikuwa amekichoma kijiji kile huku akila karanga, akimsubiri mteja.

"Mujibu," shangazi akasema.

"Niliunguza, Baba." Sauti yake ilikuwa imekwisha nguvu. "Sikubauliza kitu. Hata jina ya kijiji yabo, sikusoma."

Hakugusa chochote. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya mapaja, wanawake wawili ni mashahidi. Mtu wa mwisho alitoka bomani mwenyewe. Alitembea mraba mmoja, mwaka ukageuka. Mraba wa pili, mwaka ukageuka. Hakuelekea kwenye meli, alipanda mlimani bila njia, na kila hatua harufu ikapungua. Kwenye mraba wa saba hakuonekana tena. Mchezo, ambao kwa kawaida humwuliza mchezaji mara mbili kabla ya kuliacha koloni, haukumwuliza. Boma likafutika pamoja na jina lake. Kando ya mto zikabaki nyasi, na mvua ikaanza kupiga mabati ya duka.

Shangazi alimchukua mtoto haraka, akamfunua, akamwita sikioni, "Nkandu."

Mtoto akafumbua macho. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuyafumbua yote mawili sawasawa. Hakumtazama shangazi wala mamaye. Alimtafuta Aristote, akampata, akamkazia macho, na watu wote watatu waliutambua mtazamo ule wa mzee. Régine alimpa ziwa. Mtoto akaziba midomo, macho yakiwa bado kwa baba yake.

"Amerudia," Régine akalia. "Jina imerudia, sasa juu ya nini anakataa tena?"

Shangazi Adolphine alimtazama mtoto, akamtazama na mpwa wake. Hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililomwogopesha Aristote.

"Aristote, toka."

"Niende wapi?"

"Inje. Toka mu duka."

Alitoka. Mvua ilikuwa kubwa, akasimama katikati ya barabara bila kujikinga, na kupitia ule mlango nusu akasikia kile ambacho nyumba nzima ilikuwa imekingoja siku tisa, mtoto akivuta maziwa kwa pupa, akipaliwa, akivuta tena, na Régine akicheka na kulia pamoja. Aristote alikimbilia ndani na maji yote yale mwilini. Mtoto akaliachia ziwa. Akarudi nje, mtoto akanyonya. Walijaribu mara tatu, halafu shangazi akawaambia waache, mtoto asichoke.

Kitovu kilianguka Jumapili, na padri akambatiza mwezi uliofuata. Sasa Nkandu ana miezi saba, mnene, ana meno mawili, anacheka na kila mtu mtaani. Anaponyonya, Aristote hutoka lupangoni, kiwanja kizima cha nyumba. Hawezi kukaa chumba cha pili, wala uani. Walishajaribu. Sharti avuke mlango wa nje na asimame ng'ambo ya barabara, juani au mvuani, majirani wakipita na kumsalimu, naye akijibu kama mtu aliye safarini, mpaka Régine atoe kichwa na kumwita. Hutoka mara sita kwa siku. Nyumba aliijenga yeye, tofali kwa tofali, na karatasi za kiwanja zina jina lake.

Walijipa moyo kwamba siku mtoto akiachishwa ziwa, adhabu itakwisha. Juma lililopita Régine alimsongea bukari, ugali laini, kwa mara ya kwanza, akaitia kwenye kibakuli, akampakata mezani, Aristote akiwa amekaa mbele yao na mikono imeshikana. Kijiko kilifika mdomoni. Mtoto alikitazama, akamtazama baba yake, akafunga midomo.

Régine alimwonyesha mlango kwa kidevu, naye Aristote akavaa viatu vyake, akatoka.